Eda ya Orofa ya Tano

Mfunguo Saba, siku ya 12, mwaka 1329

Leo wameondoka wageni wa mwisho wa matanga. Nimebaki na binti yangu Mona, na Kache anayetupikia, na mikeka iliyokunjwa. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi, na zimekwenda tisa. Nilikuwa nikizihesabu kwa vistari vya makaa ukutani jikoni, lakini Kache aliviosha akidhani ni uchafu. Basi nimechukua daftari la marehemu mume wangu Zein, ambalo hakuwahi kuandika kitu ndani yake. Baba alinifundisha kuandika kwa sababu hakupata mtoto wa kiume. Hati yangu si nzuri, lakini inasomeka.

Siku ya 13

Mvua.

Siku ya 15

Niandike juu ya nyumba hii, maana ndiyo dunia yangu mpaka Shaabani.

Zein aliona nyumba za chuma Bombay, akarudi hana mazungumzo mengine. Chuma kikaja kwa stima, vipande kwa vipande, kila kipande na namba yake ya rangi nyeupe. Fundi alikuwa Nicanor, Mgoa aliyefunga madaraja ya reli. Majirani, ambao kuta zao za mawe ni nene kuliko urefu wa mkono, walikuja kugonga nguzo kwa vidole na kuuliza kama hii ni nyumba au ni kizimba. Zein alisimama barabarani kila jioni, shingo nyuma, kilemba kikimtoka.

Chini ni duka na ghala. Orofa ya pili anakaa shemeji yangu Idarus na mkewe Nabiha. Ya tatu na ya nne ni mazulia na marobota ya nguo. Ya tano ni yetu. Ukuta wa upande wa kusi karibu wote ni dirisha. Aliponipandisha mara ya kwanza alinifumba macho kwa kiganja, akanambia, "Wewe hutoki, basi bahari na ije." Tulihamia Mfunguo Nne, kaskazi ikivuma taratibu. Miezi mitatu baadaye homa ikamchukua.

Alikuwa akipuliza kahawa hata ikiwa imeshapoa.

Siku ya 24

Upepo umegeuka. Kusi imeingia. Umeanza saa saba mchana, umetulia magharibi.

Siku ya 26

Upepo tangu saa sita. Kizunguzungu. Sikuweza kumaliza Yasini.

Mfunguo Nane, siku ya 3

Nililala mchana nikahisi kitanda kinaondoka chini yangu, halafu kinarudi. Nikashika nguzo ya kitanda. Nikamtazama Mona, naye ameshika nguzo ya pili. Baadaye alitapika.

Siku ya 4

Kache alikuja kutoka jikoni, mikono kiunoni.

"Bibi, sufuria langu limetembea."

"Limetembea vipi?"

"Nililiweka hapa, sasa liko hapa. Mwenye miguu ni mimi, na mimi sikulisogeza."

Kache ni Mgiriama, anakaa mtaa wa Majengo, anapanda ngazi zetu kila alfajiri bila kuhema. Alisema kwao nyumba ikicheza hivi watu hutoka nje. Nikamwambia mimi siwezi kutoka. Akafikiri, akasema basi tushikilie sufuria.

Siku ya 9

Upepo tangu saa sita na nusu. Taa ya kuning'inia inakwenda na kurudi. Nimeihesabu kwa tasbihi: Subhanallah moja kwenda, Subhanallah moja kurudi. Chokaa imeanguka kwenye pembe ya mlango, na mlango haufungiki ila usukumwe kwa bega. Jioni ukafungika wenyewe.

Siku ya 10

Nimemwambia Nabiha. Amecheka, si kwa ubaya, akanishika mkono. "Weye ni huzuni, mwanangu. Mimi niko hapo chini, mbona sioni kitu? Nyumba hini ni chuma kitupu. Mumeo aliijenga ipite vizazi."

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Kusema nyumba inayumba ni kumsema Zein, na kaburi lake halijakauka.

Siku ya 14

Wanawake wa mtaa walikuja kunitazama baada ya alasiri. Wa kwanza alishika ukuta akasema ni ngazi, uzee umemfika. Wa pili naye akasema ni ngazi, na yeye hajafika miaka thelathini. Wa tatu, shangazi yake Zein, aliomba ubani. Alifukiza pembe zote nne akisema nyumba ina mwenyewe. Waliteremka haraka kuliko walivyopanda. Nadhani hawatarudi mpaka eda iishe.

Siku ya 17

Yameshafika kwa Idarus kwamba kuna pepo. Alipanda leo asubuhi, akasimama nje ya pazia, akanisalimia kwa heshima kama kawaida yake na kuniuliza hali. Nikamwambia nyumba inatikisika. Nikasikia akikanyaga hapa, kisha pale. Nikajua anasikiliza kwa miguu. Upepo ulikuwa haujaamka. Nguzo zilisimama wima kama askari.

Akasema kwa upole kwamba ataniletea kombe.

Siku ya 18

Kombe limeletwa, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Nimelinywa. Saa nane nikalitapika. Nimeomba msamaha kwa Mola, maana tumbo halikukusudia.

Siku ya 23

Mona amekonda. Nabiha amekuwa akimchukua mchana ashinde naye orofa ya pili. Huko anakula, anacheka, anacheza na paka. Akirudi kwangu jioni amechangamka. Kesho yake akibaki na mimi anakuwa kama kitambaa.

Nafurahi kwa hilo, ila sioni linakokwenda.

Mfunguo Tisa, siku ya 2

Idarus amekuja asubuhi, kama anavyokuja daima, kabla ya kufungua duka. Alizungumza taratibu, akichagua maneno. Amesema mtoto akiwa chini ni mzima, akiwa juu kwa mama yake anaumwa. Amesema yeye hanilaumu, kila mtu anamlilia Zein, hata yeye. Lakini huzuni ya mama humwingia mtoto kwa pumzi, na huyu ndiye damu pekee aliyoacha ndugu yake. Atampeleka Lamu kwa shangazi yao mwingine, akae huko mpaka nitakapotulia. Mwezi wa Rajabu usiishe kabla hajaondoka.

Niliuliza atakaa muda gani. Akasema Mungu ndiye ajuaye.

Idarus si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumwambia.

Siku ya 3

Upepo tangu saa sita. Sikumwachia Mona ateremke. Amelia, ametapika, nikaona nimefanya kosa, nikampeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Siku ya 5

Nimeuliza kwa nini nisishuke nikakae orofa ya pili. Nabiha amesema Idarus anaingia na kutoka pale, nami si halali yake, na mwenye eda hukaa chumba alichoachwa. Ni kweli. Amesema pia, akitazama sakafu, kwamba watu wana midomo.

Siku ya 6

Saa sita mpaka magharibi.

Siku ya 7

Saa sita na robo mpaka isha.

Siku ya 8

Saa sita. Naandika saa tu. Sina jingine ninaloweza kulithibitisha.

Siku ya 11

Leo nimekaa nikawaza, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote. Wanaume wa nyumba hii hupanda huku asubuhi. Mchana wako dukani. Upepo hauji asubuhi. Zein mwenyewe, katika miezi yote aliyoishi hapa, hakuwahi kukaa orofa ya tano mchana mmoja ila siku za homa, na hizo zilikuwa siku za kaskazi. Mtu anayekaa huku siku nzima ni mmoja tu, na huyo hakuulizwa na fundi kwa sababu fundi hawezi kumwona.

Nimemtuma Kache kwa Idarus: namwomba amlete Nicanor.

Siku ya 20

Nicanor amekuja. Nitaandika yote.

Walisimama ukumbini yeye na Idarus, mimi nikiwa nyuma ya pazia na Kache kando yangu. Nicanor ana sauti ya mtu mnene na Kiswahili cha gati. Alipigapiga nguzo kwa nyundo, akakaza bolti mbili, akasema, "Bwana Idarus, hii haianguki. Nakuapia kwa mama yangu. Lete upepo mara mbili ya huu, haianguki."

Idarus akashukuru. Nikasikia viatu vinageuka kuelekea ngazini. Nikasema kutoka pale nilipo, na sauti yangu ikanitoka kali kuliko nilivyotaka, "Shemeji, muulize kama inakalika."

Idarus akasema fundi ameshajibu.

"Amejibu kama inaanguka. Muulize kama mtu anaweza kuketi humu saa nane mchana akala chakula kikakaa tumboni."

Nikasikia nyundo inawekwa chini. Kisha Nicanor akasema polepole, si kwa Idarus tena, "Bibi, marehemu aliniuliza kama itaanguka. Nyingine hakuniuliza. Wala mimi sikumwambia, kwa sababu hakuna aliyeniambia nani atakaa juu mchana."

Akaeleza. Chuma hakivunjiki kwa upepo, hujipinda kidogo na kurudi. Ndivyo kilivyo. Lakini nyumba hupewa vyuma vya mshazari, viwili viwili, vinavyopishana toka pembe hadi pembe, ili isijipinde sana. Kila upande wa nyumba hii ulikuwa na vyake. Upande wa kusi, orofa ya nne na ya tano, havikufungwa.

Idarus akauliza kwa nini, na nikasikia hasira imeanza. Alidhani fundi amefanya wizi.

"Vipo ghalani kwako, bwana, chini ya magunia. Namba zake naziona mpaka leo. Marehemu alikataa. Alinambia, mke wangu hatoki, nataka aione bahari yote bila chuma mbele ya macho yake. Nikamwambia nyumba itacheza. Akaniuliza, itaanguka? Nikasema haitaanguka. Akasema basi."

Kache alinishika kiwiko. Nadhani alidhani nitaanguka mimi.

Siku ya 21

Sikulala mchana wala usiku. Zein, kwa nini hukuniuliza. Ningekwambia bahari naijua, nimezaliwa nayo. Ningekwambia nataka kitanda kisichotembea.

Siku ya 22

Nimesoma niliyoyaandika jana. Siyafuti, lakini nimemsomea Fatiha.

Siku ya 27

Idarus hajarudi tena kusimama nje ya pazia. Nabiha anasema mumewe hamwamini Mgoa, anasema fundi amemsingizia maiti kosa lake. Anasema ndugu yake hakuwa mjinga. Safari ya Lamu iko palepale, stima inaondoka mwishoni mwa Rajabu. Sanduku la Mona limeshatolewa chini ya kitanda.

Rajabu, siku ya 8

Upepo tangu saa tano na nusu, wenye nguvu kuliko siku zote. Bilauri imeteleza mezani ikavunjika. Mona ameuliza kama Lamu kuna nyumba za chuma. Nikasema hakuna. Akasema vizuri. Kisha akatazama uso wangu akasema, "Lakini sitaki kwenda."

Siku ya 12

Nimemwandikia Idarus barua. Nimeandika mara tatu, ya tatu ndiyo fupi. Nimemwambia sitaki aniamini mimi wala fundi. Ijumaa duka linafungwa. Akitoka msikitini apande huku peke yake, ale chakula chake cha mchana, akae mpaka alasiri. Mimi na mtoto tutakuwa kwa Nabiha. Asipoona kitu, nitamfunga Mona sanduku kwa mikono yangu na sitasema neno.

Siku ya 13

Amejibu: Insha Allah.

Ijumaa, 17 Rajabu

Nilishuka kabla ya adhuhuri, hatua za kwanza nje ya mlango wangu tangu Zein atolewe. Orofa ya pili sakafu imetulia kabisa. Niliona aibu jinsi nilivyofurahia kuketi.

Yaliyotokea juu nimeyapata kwa Kache, aliyekuwa akipanda na kushuka na sahani, na kila akishuka alisimama mlangoni kwa Nabiha akatoa habari.

Kwanza, bwana amekula vizuri. Upepo umeanza. Kisha, bwana ameweka mkono juu ya sahani. Kisha, bwana anasema samaki ameharibika. Kache akamwambia samaki ni wa leo, amemnunua mwenyewe akiwa bado anapiga mkia. Kisha, bwana amelala kidogo. Kisha, bwana ameamka ghafla, ameomba beseni. Kisha ameomba ndimu.

"Amesali alasiri mara mbili," Kache akasema mwishowe. "Ya kwanza alishika ukuta akasahau rakaa."

Nilimtazama Nabiha, nikitarajia atanuna. Alikuwa ameinamisha uso ndani ya leso na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia, akasema, "Na mimi nilikwambia ni huzuni."

Idarus aliteremka baada ya alasiri. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

"Shemeji. Alijua?"

Nikamwambia, "Hakujua. Aliondoka kabla ya kusi. Angeketi hapo mchana mmoja tu angevifunga vyuma hivyo usiku uleule."

Nilisikia kichwa chake kimegusa mbao za mlango, taratibu. Ni mara ya kwanza nimemsikia akimlilia ndugu yake. Siku za matanga alikuwa akipokea wageni.

Siku ya 18

Nilidhani yamekwisha. Leo Idarus ametuma neno: sasa anaamini, na kwa kuwa anaamini, mtoto hawezi kubaki mahali pale. Kumshusha na kumpandisha kila siku miezi yote ya kusi, amesema, si kumlea. Stima ni tarehe 29. Mimi nina eda, siwezi kwenda naye. Mona ataenda peke yake.

Nimepigania niaminiwe, na kwa kuaminiwa ndiyo ananichukulia mtoto.

Siku ya 19

Nimetuma jibu: vyuma vifungwe sasa. Nicanor alipoulizwa akajibu haiwezekani kupandisha chuma kirefu kusi ikivuma, angoje Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, kusi ikipungua.

Nikachukua daftari hili, nikanakili saa zote, hata zile nilizozitia pembezoni mwa kurasa. Siku arubaini na moja, sita kati yake hazina saa ya upepo kutulia. Hakuna siku hata moja ambayo upepo ulianza kabla ya saa tano asubuhi. Nimempa Kache karatasi ampelekee Idarus, naye amsomee fundi.

Siku ya 20

Fundi amesema kwa saa hizi anaweza. Anaanza kesho alfajiri, anaacha saa nne. Idarus amehamishia godoro lake dukani, kati ya marobota, ili mimi na Mona tukae kwa Nabiha bila mtu kupata la kusema. Ana miaka hamsini na mgongo mbovu. Nabiha amempelekea mto, akaurudisha, akisema utanuka ngozi za ghalani.

Siku ya 23

Nyundo tangu alfajiri. Zimenyamaza saa nne.

Siku ya 24

Nyundo.

Siku ya 26

Kipande kimoja hakikuingia. Nyumba imejipinda kidogo tangu ijengwe, matundu hayalingani. Nicanor ametukana kwa Kigoa asubuhi nzima. Mona amejifunza neno moja, nimemkataza.

Siku ya 28

Bolti za mwisho zimekazwa leo saa tatu. Nimepanda na Mona. Sanduku lake liko chini ya ngazi, limefungwa kamba, Idarus ameketi juu yake anangoja habari.

Upepo umeanza saa sita kasoro robo. Nilichukua tasbihi. Ile Subhanallah ya kwenda na ya kurudi sikuipata. Kuna kitu, kidogo na cha haraka, kama mtu anayetetemeka kwa baridi kisha akajizuia. Nicanor alisema hakitakwisha chote. Taa inatikisika kama inayotaka kusema kitu ikaacha.

Mona hakutapika. Lakini ameshika nguzo ya kitanda mchana kutwa, na chakula hakukigusa. Nikamwambia nyumba imetulia. Akasema anajua. Hakuachia nguzo.

Nimeteremsha habari kama ilivyo, sikuongeza. Idarus amejibu kwamba stima ya kesho na iende. Ya pili ni tarehe 14 Shaabani. Mtoto akiwa anakula hapo juu mchana, abaki. Asipokula, aende.

Siku ya 29

Stima imepita mbele ya dirisha. Nimeitazama. Bahari sasa imekatwa vipande vinne, na katikati, pale vyuma vinapopishana, pana bamba kubwa lenye bolti kumi na mbili. Idarus aliuliza kupitia kwa Kache kama linaniziba. Nimesema haliniumizi.

Linaziba mlango wa bandari wote.

Shaabani, siku ya 2

Amekunywa maji.

Siku ya 4

Saa sita na nusu mpaka magharibi. Amekula asubuhi na usiku. Mchana hapana.

Siku ya 6

Ndizi nusu, amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo.

Siku ya 7

Hapana.

Siku ya 9

Nimemkemea, kisha nikaingia jikoni nikalia. Kache alikuwa anakuna nazi. Akasema kwao mtoto aliyeanguka mnazini hapelekwi mnazini kwa maneno. Akabeba sinia lake akaenda kula pale ukumbini, peke yake, chini ya dirisha, akimpa Mona kisogo. Hakumkaribisha. Alikula kwa kelele nyingi.

Siku ya 10

Kache amekula tena palepale. Mimi nimekaa naye. Mona ametutazama.

Siku ya 11

Mona ameketi nasi. Hajala. Ameachia nguzo.

Siku ya 12

Matonge matatu. Upepo mkubwa. Idarus ametuma kuuliza, nikamjibu matatu. Akauliza makubwa au madogo.

Siku ya 13

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa nguo alizoniletea Nabiha, nimejifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu Zein afe. Nitatoka baada ya alasiri, twende kaburini kwanza, halafu kwa shangazi yake yule wa ubani, anayetaka kujua kama pepo mwenye nyumba ameondoka.

Wamekuja kunichukua. Nabiha yuko ngazini na wanawake wanne, Idarus yuko barabarani na punda wa kunipandisha mimi. Upepo ni mkali, mbao za dirisha zinagonga. Wameniita mara mbili. Naandika haya nimesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha, kwa sababu Mona ameketi ukumbini na sahani ya wali na samaki, miguu ameikunja, mikono yote miwili anaitumia, na amemwomba Kache amuongeze.

Wameita mara ya tatu. Nimewaambia wangoje. Mtoto anakula.